Kwenda Kuwasikiliza Mijusi wa Pangoni

Wenzangu wa kwaya, kila Jumapili tangu nirudi mnanizuia mlangoni mwa kanisa kuniuliza kama mijusi wangu niliwapata, halafu mnacheka kabla sijajibu. Nimechoka kuhadithia vipande vipande nimesimama juani. Nimeandika yote hapa, tangu nilipopanda basi Iringa mpaka mwisho wake. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa kazini naziacha, hazina utamu. Someni, kisha mniache nipumue.

Iringa mpaka Singida

Mnajua kwamba mama yangu anakaa Mwanza, kule Mkolani, nyumbani kwa mdogo wangu Masanja. Macho yake yamefifia sana. Siku hizi anatambua watu kwa sauti na kwa namna wanavyokanyaga sakafu. Msichokijua ni simu aliyonipigia Masanja.

"Dada Kabula, Mama ameanza kupotea," aliniambia. "Anatusimulia habari za mijusi wanaolia. Anasema kijijini kwao kuna pango, na mijusi wa humo hulia jioni. Nani amewahi kumsikia mjusi akilia? Mke wangu anamwitikia tu ili yaishe. Mimi nimeona tuache kumwuliza mambo ya maana, tusimchoshe."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Mama yetu ndiye aliyeamua nani asome wapi na ng'ombe yupi atoke zizini. Leo asiulizwe hata mboga ya kupika, na kosa lake ni kusema kwamba mijusi wanalia? Nilitaka kumjibu Masanja kwamba mimi pia niliwasikia, nikasita. Tulihama kijiji kile nikiwa darasa la pili, Masanja hajazaliwa. Mambo ya utotoni yana tabia hiyo, huna hakika kama uliyasikia mwenyewe au ulisimuliwa mara nyingi mpaka yakawa yako.

Nikamwambia, "Usimfanye Mama mgonjwa kabla sijafika." Basi safari yangu ilikuwa hiyo, wala haikuwa na siri nyingine. Niende pangoni, niwasikie mijusi kwa masikio yangu, niinase sauti yao kwa simu, nimrudishie Mama nafasi yake katika nyumba ya mwanawe.

Katika basi nilikaa na bwana mmoja mpole anayeuza vipuri vya pikipiki Shinyanga. Tulisalimiana, tukagawana karanga, tukalalamikia kiti kilichokataa kuegemea. Karibu na Dodoma akaniuliza kama nakwenda Mwanza kuwaona wajukuu.

"Nakwenda kuwasikiliza mijusi," nikasema, kwa sababu ndiyo kweli.

Akauchukua mkoba wake miguuni na kuuweka katikati yetu. Tulipopita Manyoni akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mama. Huyo mtaalamu yuko upande gani wa ziwa?"

"Mtaalamu yupi?"

"Wa mijusi. Mimi nina mgongo, Mama. Nimehangaika nao hospitali zote."

Nilimweleza kwamba hakuna mganga, hakuna dawa, kuna mama yangu na kumbukumbu zake. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. "Sawa, sawa. Mambo hayo hayasemwi hadharani," akasema. Nikaona nimeharibu zaidi.

Kufika Singida, habari ilikwishatembea mpaka viti vya nyuma. Tuliposimama kula, dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniletea paja la kuku wa kienyeji kwenye kipande cha karatasi, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilikula. Msinihukumu, kuku wa Singida hakataliwi, na nilikuwa na njaa.

Singida mpaka Mkolani

Mbele kidogo ya mji, mkanda wa injini ukakatika. Tulishuka wote tukakaa kando ya barabara, dereva akapiga simu, utingo akaondoka na pikipiki kutafuta mkanda mwingine, na jua likawa linatupika taratibu. Pembeni palikuwa na majabali makubwa. Juu yake mijusi walikuwa wakiota jua, wale madume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wakipandisha na kushusha vichwa vyao kama wanaopiga pushapu.

"Mama mtaalamu, mijusi wako hao!" mtu akaniita, watu wakacheka.

Nikawaambia hao ni wa juani, wangu ni wa gizani. Wakaniomba nieleze, na kwa kuwa mkanda ulikuwa haujapatikana, nikaeleza. Nawaelezea na ninyi.

Kijiji cha mama yangu kiko ng'ambo ya ghuba, ukishuka Kamanga na kufuata ufuko. Juu ya kijiji kuna kilima cha mawe makubwa yaliyolaliana, na kati ya mawe hayo kuna pango refu ambamo mtu mzima anaingia bila kuinama. Mvua ikitukuta na mbuzi tulikimbilia humo, Mama akiwa nasi. Humo ndimo walimoishi. Ngozi yao ni laini, ya rangi ya jiwe lenyewe na mistari ya kahawia mgongoni, na vidole vyao vimepanuka nchani hata wakatembea darini miguu juu kichwa chini bila wasiwasi. Macho yao ni makubwa na hayana kope. Vumbi likiwaingia wanatoa ulimi na kuyalamba macho yao wenyewe, jambo ambalo tulijaribu kuliiga tukashindwa. Mayai wanataga mawili mawili na kuyagandisha ukutani, meupe, magumu, huwezi kuyabandua bila kuyavunja. Majike mengi hutaga kwenye ukuta mmoja, mwaka hadi mwaka, basi ukuta ule ulijaa maganda ya zamani na mayai mapya. Mama alituambia hapo ndipo hospitali yao ya wazazi.

"Na kulia?" yule bwana wa vipuri akauliza. Alikuwa amesogea karibu.

Nikasema nakumbuka sauti, tche-tche-tche, kama mtu anayeita paka. Mama alisema kila dume lina ufa wake na linawatangazia wengine kwamba ufa huu una mwenyewe. Nilipokuwa nayasema hayo palepale juani niliiona mikono ya Mama ya wakati ule ikiwa inakamua maji kwenye kanga, na harufu ya mbuzi waliolowa ikanijia puani. Nikashindwa kuendelea, nikasingizia kiu.

Mkanda ulikuja jioni. Tuliingia Mwanza asubuhi yake, migongo imekufa ganzi. Yule bwana alikwishashuka Shinyanga, na kabla ya kushuka alinishika mkono akaniambia, "Ukimpata, usinisahau." Namwombea mgongo wake.

Mkolani

Nilimkuta Mama amekaa barazani. Sikusema neno. Nilitembea tu juu ya changarawe na yeye akainua uso.

"Kabula. Mguu wa kushoto bado unauburuza."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda au umenenepa? Njoo nikushike."

Mtu huyo ndiye aliyepotea! Nilimkumbatia nikiwa nacheka na kulia. Lakini saa ya chakula niliona alichokuwa anakisema Masanja, na niliona pia kile ambacho Masanja hakukiona. Wifi yangu, mwanamke mwema asiye na kinyongo na mtu, aliweka sahani mezani, akanigeukia mimi. "Dada, Mama atakula samaki au maharage?"

"Mimi nipo hapa," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama, ndiyo," wifi akaitikia kwa upole, bado ananitazama mimi. Mama akainamisha kichwa. Alikula alichopewa.

Baadaye tulipobaki wawili aliniambia, "Wanadhani naota. Nenda kawasikilize. Usiwamulike na tochi, watakuchukia. Kaa chini, tulia, mpaka wakuone wewe ni jiwe." Kisha akasema nimsalimie Milembe, mdogo wake. Wanaongea kwa simu, lakini tangu macho ya Mama yaharibike hawajakaa pamoja. "Kwenye simu siku hizi ana haraka," Mama akasema. "Anaongea kidogo, anakata."

Kuvuka kwenda Kamanga

Siku ya tatu niliondoka Mkolani, na foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Kulikuwa na lori la simenti lililogoma kuwaka katikati ya njia, na kila mtu akawa fundi. Nilinunua sambusa, nikakaa juu ya begi langu nikiangalia maji. Nilivuka mahali hapa mara ya kwanza nikiwa mtoto, kutoka ng'ambo kuja huku, tunahama. Nililia njia nzima na Mama hakuninyamazisha. Alinigeuza tu uso, nitazame kule tulikotoka mpaka kile kilima cha mawe kilipopotea.

Safari hii kivuko kilipokata maji nilisimama ubavuni nikakitafuta kilima. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa aliniuliza nimepoteza nini. "Nyumbani," nikamjibu. Akasema, "Huko huko mbele, dada yangu, hakujahama." Upepo ulikuwa na ile harufu ya samaki na majani yaliyooza ambayo Iringa nimeitafuta miaka yote sijaipata. Nilifurahi kama mjinga.

Kamanga mpaka kwa Mama Mdogo

Bodaboda alinipitisha kati ya mihogo na vijaruba vya mpunga, akisimama kila mara kurekebisha mnyororo. Nyumba nyingi ni za bati sasa. Shule ina madarasa mapya. Njia niliyoikumbuka kuwa ndefu ya kuchosha miguu ilikwisha kabla sijamaliza kuishangaa.

Kumbe nilikuwa nasubiriwa. Mama Mdogo Milembe alikuwa amesimama uani na akina mama wa jumuiya yake, wote wamefunga vitenge vilivyopigwa pasi. Walipiga vigelegele, wakanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, mwanangu, mwadila!" Nilimsalimu shikamoo, akanishika mashavu akaniangalia sana, akasema nimefanana na dada yake mpaka anaogopa. Wakaniketisha, wakaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga na maziwa mgando, na kila nikiacha kutafuna waliniuliza kama sijapenda.

"Kula haraka twende," Mama Mdogo akasema. "Kila kitu kiko tayari."

Nilidhani anazungumzia kitanda.

Pangoni

Tulipanda kilima kwa wimbo, akina mama mbele, mimi na Mama Mdogo nyuma, tukisimama hapa na pale nionyeshwe mashamba ya nani na nani. Mlango wa pango nikautambua mara moja. Mwanzoni nilifurahi. Kisha pua yangu ikaniambia kuna kitu.

Pango lilikuwa linanukia sabuni.

Ndugu zangu, walikuwa wamelifagia. Siku mbili nzima walilifagia! Mavi ya popo yametolewa kwa ndoo. Walichoma majani mabichi ndani kuwafukuza nyigu, moshi ulikuwa bado umeganda darini. Chini kumenyunyiziwa maji, vumbi limetulia, mkeka mpya umetandikwa, na juu yake kuna chupa ya chai na vikombe vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikageukia ule ukuta wa mayai. Ulikuwa umesuguliwa kwa mchanga na magunzi. Ulikuwa msafi, na palipokuwa na mayai palibaki alama nyeupe za mviringo tu.

"Hapo palitusumbua," mama mmoja akasema kwa fahari. "Palikuwa na uchafu umeng'ang'ania kama saruji."

Hakukuwa na mjusi hata mmoja. Nilizunguka kuta zote nikichungulia nyufa.

Mama Mdogo aliniona. Akanivuta pembeni. "Vipi? Kuna kasoro?"

"Mama Mdogo, mijusi wako wapi?"

"Mijusi? Wewe uliniambia unakuja kuona pango."

"Nilikuja kwa ajili ya mijusi waliomo."

Akaniangalia akiwa hajui acheke au anune. "Sasa mtoto wa dada yangu atoke Iringa, nimwonyeshe mavi ya popo? Watu watanisemaje? Wewe ukija kwangu nafagia uwanja, nafagia choo, nafagia mpaka njia ya kisimani. Pango nisifagie?"

Kosa lilikuwa la upendo mtupu. Kwetu mgeni hakutani na uchafu, na mimi nilipompigia simu siku niliyofika Mkolani niliona haya kutaja mijusi, baada ya yaliyonipata Singida, nikasema pango. Akina mama walikuwa wakinitazama wakisubiri. Nikapiga moyo konde, nikawashukuru, nikasifu mkeka, tukakaa tukanywa chai ya tangawizi ndani ya pango lisilo na sauti. Tulikaa mpaka kukawa giza mlangoni. Hakuna kilicholia. Kichwani nilikuwa namwona wifi akinigeukia na sahani, leo na kesho na siku zote zilizobaki. Nilihuzunika sana, nasema kweli.

Tuliposhuka nilimweleza Mama Mdogo kila kitu, simu ya Masanja na mambo ya mezani. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akasema, "Hao mijusi wanalia. Nani alisema hawalii? Sisi tulilala humo na dada yangu tukiwa wasichana, mvua ilipobomoa nyumba." Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Na mimi nimewafukuza."

Pangoni tena

Kesho yake nilikusudia kuondoka asubuhi. Lakini Mama Mdogo alikuwa ameagiza sato, na mwenye sato alichelewa, na alipokuja ilibidi apaliwe, akaangwe, aungwe na nyanya, ugali wa muhogo usongwe. Kisha bodaboda akapiga simu kwamba gurudumu limepasuka. Nilikaa uani nimenuna, nikijua si vizuri mgeni kununa, na bado nikanuna.

Jua lilipoanza kulegea mtu akapiga kelele, na watu wakaanza kufunika vyungu. Juu ya ziwa, mbali, kulikuwa na moshi mweusi ulionyooka kwenda mbinguni. Kisha moshi ukainama kuelekea kwetu. Ninyi msioishi ziwani hamtaujua. Ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wasiouma, wanaotoka majini kwa wingi usiosemeka na kusukumwa na upepo mpaka nchi kavu. Wakitua wanaingia puani, machoni, kwenye chai. Kuku hupata wazimu wa furaha.

Mama Mdogo alisimama na sufuria mkononi. "Kabula," akasema, "upepo unawapeleka kilimani. Chukua simu yako."

"Mijusi wamekwishaondoka, Mama Mdogo."

"Wataondoka waende wapi? Wako ndani ya nyufa, wameninunia. Lakini wadudu hawa, mijusi hawawezi kuwaacha. Twende."

Tulipanda wawili, vitenge tumejifunga usoni. Pangoni wadudu walikuwa wanaingia kama unga unaomwagwa. Tulikaa chini tumeegemea jiwe, bila mkeka, bila tochi, mwanga wa jioni ukiwa bado unatosha kuona kuta. Niliwasha kinasa sauti cha simu na kuiweka kati yetu. Tukawa mawe.

Kwanza nilidhani jiwe limesogea. Kichwa kikatoka kwenye ufa mwembamba ambao usingeingiza sarafu, kikasimama, ulimi ukapita juu ya jicho moja, kisha la pili. Halafu mwingine kando yake. Halafu dari yote ikaanza kutembea. Walikuwa wakubwa kama kiganja changu na wengine wadogo kama njiti, wakidaka, wakimeza, wakipandana kwa pupa. Mmoja alipita juu ya kiatu changu, mkia wake umekatika na umeanza kuota upya, mfupi na mweusi. Walisahau sabuni, walisahau moshi. Waliokula wakashiba wakaanza kurudi kwenye nyufa zao, na kila ufa ukawa na mabishano.

Ndipo dume moja la juu kabisa likalia. Tche-tche-tche-tche. Likajibiwa kutoka ndani. Likajibiwa tena na la mlangoni. Haikuwa hadithi ya Mama wala ndoto yangu. Sauti ilikuwa ileile, na nilipoisikia nilikuwa na miaka saba, nimelowa, nimemwegemea Mama, na nilijua kwamba hakuna baya litakalonipata. Machozi yalinitiririka bila sauti wala aibu. Mama Mdogo kando yangu alinishika kiganja, tukakaa hivyo mpaka wadudu walipokwisha na pango likanyamaza.

Kurudi Mkolani

Niliporudi nilimkuta Mama barazani, Masanja ametoka kazini, wifi anachambua mchele. Sikungoja hata maji ya kunywa. Niliiweka simu juu ya meza ndogo, nikafungulia sauti yote.

Tche-tche-tche-tche.

Wifi akaacha mchele. "Hao si ndege?"

"Ni mijusi," nikasema. "Nimewaona kwa macho yangu, midomo wazi, wanalia. Mama hakuota kitu."

Masanja aliinama juu ya simu. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie. Uso wake ulibadilika, akawa kama mvulana. "Kweli wanalia," akasema. Akamgeukia Mama.

Nilikuwa nasubiri Mama acheke, afurahi, atusute kidogo, kwa sababu haki alikuwa nayo. Lakini alikuwa ameinua mkono, tunyamaze.

"Rudia," akasema. Nikarudia. "Nani amekaa karibu na simu?"

"Mimi na Mama Mdogo."

"Huyu anayehema ni Milembe?"

Kwa kweli sikuwa nimesikia pumzi yoyote. Masikio yangu yalikuwa kwa mijusi. Nikasogeza sikio kwenye simu, na chini ya ile tche-tche nikaisikia pumzi, fupi, yenye mluzi kwa mbali, inayokatika na kuanza tena.

"Tulikuwa tumepanda kilima, Mama," nikasema.

"Mlikaa muda gani?"

"Mpaka wadudu walipokwisha. Mpaka giza lilipoingia."

"Basi mtu aliyekaa muda wote huo pumzi yake ingekwisha kurudi. Ya kwako imerudi, naisikia hapo mwanzo kisha siisikii tena. Ya Milembe haikurudi. Ndiyo maana kwenye simu ana haraka. Hana pumzi ya kuongea."

Masanja alichukua simu yake, akampigia Mama Mdogo, akaweka sauti tusikie wote. Mwanzoni Mama Mdogo alicheka, akasema ni uzee, ni kilima, ni vumbi la pangoni. Ndipo Mama akasema kwa utaratibu, "Milembe, usinidanganye mimi."

Kicheko kikakatika, sauti ndogo ikasema, "Dada, nalala nimeketi. Nikilala chali nahisi najaa maji kifuani. Na miguu imevimba. Sikutaka kukutia wasiwasi, na macho yako hayo."

Simu ilipokatwa, wifi alikuwa amesimama, ungo mkononi, machozi yanamtoka. Masanja alivuta kigoda, akakiweka mbele ya miguu ya Mama, akakikalia kama tulivyokaa zamani kusubiri maamuzi ya nyumba.

"Mama," akasema, "unasemaje? Tufanyeje?"

Mama alimtafuta kwa mkono mpaka akaupata uso wake.

"Kesho kivuko cha kwanza," akasema. "Uende mwenyewe, Kabula amechoka. Umlete hapa, kisha hospitali. Akileta ubishi mwambie nimesema mimi."

"Ndiyo, Mama," Masanja akajibu, na wifi akaingia ndani kutandika kitanda cha Mama Mdogo.